Thunderlord kwa Destiny 2: vile utaipata, na vile utaacha kumwaga risasi bure

Wengi wenu mkishaipata Thunderlord, ile rashasha ya gemu ya vita ya Destiny 2, kitu ya kwanza ni kukimbia nayo kwa bosi, unasimama hapo mbele ya lijamaa limoja likubwa unalimiminia magazini yote, zikiisha unarudi kwa grupu kulia eti hii bunduki ni jina tu. Sasa tusikizane. Hii ni rashasha ya kumaliza umati. Bosi muachie mwenye roketi.

Kwa wale wageni kidogo tu: Thunderlord ni bunduki ya daraja la Exotic, lile la juu kabisa la vitu adimu, inatumia umeme, yaani Arc, ile damiji ya rangi ya bluu. Ilikuwa kwa Destiny ya kwanza ya 2014, halafu Bungie, wenye kutengeneza hii gemu, wakairudisha kwa Destiny 2 Oktoba 2018 wakati wa Festival of the Lost, ile sherehe ya Halloween ya ndani ya gemu, na hiyo siku Destiny 2 haikuwa na rashasha ingine yoyote, zile zingine zilikuja baadaye. Ndio maana wazee wa gemu wakiiona wanasisimka hivyo. Ile misheni ya 2018 ya kuitafuta haipo tena kwa hivyo ukipata video ya zamani YouTube inakuonyesha hatua za ile misheni, ruka, unapoteza bando.

Na tukiongelea bando. Destiny 2 yenyewe kuicheza ni bure tangu Oktoba 2019, unalipia zile ekspansheni tu, lakini inataka zaidi ya GB 100 kwa diski na haichezwi ofulaini hata dakika moja. Kwa hivyo yule jamaa wa mjini anakuuzia gemu kwa flashi hawezi kukusaidia hapa. Mimi nawaambia watu wa Kondele na Manyatta huku Kisumu kila siku, tafuta beshte ako na waifai ya nyumba, pelekea yeye mashine ilale huko usiku mmoja, uje uichukue asubuhi imeshuka yote. Ukishaiweka, kucheza kwenyewe hakuli data sana vile watu hudhani, kinachokula ni apdeti, na apdeti za hii gemu hazina huruma. Zile PS za mtaani sahau, pale ni mpira kutoka asubuhi mpaka mwenyewe afunge mlango, na ukiomba GB 100 za diski yake atakuangalia vibaya.

Haya, kuipata. Thunderlord hutoka kwa engramu za Exotic, zile zawadi za dhahabu unafungua kupata kitu, na hizo huanguka kwa bahati, unaweza ua adui wa kawaida tu kwa Cosmodrome, moja ya ramani za gemu, ikadondoka, na unaweza kucheza mwezi mzima ukipewa vitu zingine tu. Hakuna uganga, cheza straiki, cheza matukio ya wazi, usikae kwa sehemu moja ukingoja. Njia ya pili ni Xûr, yule mfanyabiashara mwenye uso wa mikia. Huyu huja Ijumaa saa mbili usiku saa zetu na huondoka Jumanne saa mbili usiku, na mzigo wake hubadilika kila wiki, kwa hivyo Ijumaa ukitoka job mpitie kwanza uangalie ameleta nini kabla hujaanza mambo mengine. Ukishaipata hata mara moja tu, iko kwa Collections zako, ile orodha ya vitu umeshapata, hata ukiivunja kwa hasira unaweza kuitoa tena, so usijaze Vault, ile stoo yako, na nakala za bure.

Sasa matumizi, na hapa ndio mimi huona watu wanachoma picha.

Kitu ya kwanza ni triga. Bunduki ina sifa inaitwa Lightning Rounds: ukishikilia triga inaanza polepole, du, du, du, unasikia kabisa kila risasi ikitoka peke yake, halafu inachanganya kasi mpaka inakuwa mlio mmoja. Ukiachilia, kasi inapotea unaanza upya. Sasa wewe umetoka kwa COD (Call of Duty) umezoea kupiga tatu tatu unaachilia, tatu tatu unaachilia, na kila ukiachilia unajirudisha pale pa polepole, halafu unashangaa mbona bunduki ni nzito. Shikilia. Hata adui akilala na mwingine yuko mita mbili kando, usiachilie, vuta tu mkono ukipita kwake huku risasi zinatoka. Utapoteza risasi mbili tatu kwa hewa katikati, sawa tu, hiyo ni hasara ndogo kuliko kuanza upya.

Ya pili ndio yenyewe: Reign Havoc. Ukiua na hii bunduki, radi inashuka kutoka juu pale pale maiti ilipo na inachoma wenye wako karibu. Soma hiyo tena. Ukiua.  Ndio maana nasema bosi si wa hii kitu, bosi hafi haraka, kwa hivyo hupati zile radi za kila ukiua. Nani anakufa haraka? Wale wadogo. Kwa hivyo macho yako yasiende kwa mkubwa, yaende kwa mnyonge aliye karibu na mkubwa.

Chukua mfano wa Fallen, moja ya makundi ya adui. Mnaingia chumba, kuna Captain, mkubwa wao, pale katikati na ngao yake, na ngao ya Captain mara nyingi ni ya bluu, Arc. Kando yake kuna Dreg, wale wadogo wao, wanne watano wanahangaika. Mcheza mpya anaanza na Captain kwa sababu ndiye anatisha. Wewe anza na Dreg aliye karibu naye zaidi. Dreg anaenda chini kwa risasi chache sana, radi inashuka, Dreg wa pili anachomeka, na Captain mwenyewe amekula hiyo radi bure hujamgusa. Wakati huo bunduki yako ishachanganya kasi, ndio sasa unamgeukia Captain, na kwa sababu umeme wako na ngao yake ni rangi moja, ngao ikipasuka inalipuka na kumwaga kila aliyebaki hapo kando. Chumba kimekwisha na bado uko na nusu magazini. Hiyo ndio tamu ya hii kitu, ni kama kuwasha kiberiti kwa shamba la miwa Januari.

Ukitaka kufanya mazoezi, enda kwa Thrall wa Hive, kundi lingine la adui, wale wanakuja mbio kama wamefukuzwa. Kuna sehemu kwa danjeni ya Shattered Throne watu huita Thrallway, Thrall wanatoka tu hawaishi, hapo utaelewa mambo ya kuchagua wa katikati badala ya wa mbele. Wa mbele akifa, radi inapiga yeye na pengine mmoja. Wa katikati akifa inapiga kundi.

Ya tatu, kujaza risasi. Rashasha zote kwa hii gemu zinachelewa kujaza, na hapo ndio watu hufia, umesimama uwanjani unabadilisha magazini kama uko nyumbani. Mchezaji huchagua aina moja kati ya tatu: Titan, Hunter au Warlock. Ukiwa Titan vaa Actium War Rig, hiyo kifua inajijazia magazini ya rashasha polepole kutoka kwa akiba hata ukiwa unapiga, yaani triga unashikilia na inakaa kama haitaisha, na vile tumesema Thunderlord inapenda triga ishikiliwe, hizi mbili zimezaliwa pamoja. Kwangu hakuna bildi ingine ya Titan inaikaribia kwa raha. Ukiwa Hunter weka Marksman's Dodge, ukijitupa kando bunduki inajaa yenyewe. Warlock, pole, utajificha nyuma ya ukuta kama watu wote, lakini weka Empowering Rift chini kwanza ndio usimame hapo ukipiga, damiji inaongezeka. Na kwa kofia weka modi ya Arc Siphon, ukiua wengi kwa pamoja inatoa Orb, ile duara ya kukujazia nguvu zako maalum, na kwa hii bunduki kuua wengi kwa pamoja ndio kazi yake.

Kumbuka ukibeba Thunderlord huwezi kubeba silaha ingine ya Exotic, na nafasi ya risasi nzito imejaa, kwa hivyo bunduki zako mbili zingine ziwe za kukubeba wakati zile boksi za zambarau za risasi nzito hazionekani. Usitumie Thunderlord kwa adui wawili waliopotea njia. Ngoja wajae.

Kuna kitu ya nyumbani lazima niseme kwa sababu ni watu wa huku nawaandikia. Sisi tuko kwa ukanda wa radi, hii ya ukweli. Kisumu, Kakamega, Kisii, wingu likijenga jioni kila mtu anajua. Ukiskia ngurumo zinakaribia, toka kwa gemu vizuri na uchomoe. Si kuzima kwa swichi, kuchomoa kwa ukuta, na usisahau waya wa intaneti unaoingia kwa rauta, huo watu huuacha halafu rauta inaungua na plagi ilikuwa nje. Ekstensheni ya mia mbili ile ya barabarani haizuii chochote. Stima ikirudi pia usikimbilie kuwasha, ipe dakika kadhaa itulie, kwa sababu hurudi na nguvu za ajabu. UPS ndogo ya rauta na mashine inasaidia kwa zile za kupepesa, lakini kwa radi yenyewe hakuna kama kuchomoa. Straiki utarudia kesho.

Crucible, pale wachezaji wanapigana wenyewe kwa wenyewe, nisiseme mengi. Risasi nzito huko ni chache na kila mtu anazikimbilia, so hupati nafasi ya kuringa. Ukizipata usiende kutafuta mtu uwanjani wazi, kaa kwa kona ya mlango mwembamba, uangalie rada, na ukiona nyekundu inakuja anza kufyatua sekunde moja kabla hajatokea. Utakuwa unapiga ukuta, ndio, lakini akiweka kichwa bunduki ishachanganya. Na kama ping yako, yaani kuchelewa kwa mtandao, imepanda vile hupanda jioni wakati mtaa mzima uko kwa waifai, hiyo sekunde fanya ziwe mbili.