Kusafirisha vekta sambamba juu ya tufe, hatua kwa hatua

Kusafirisha vekta sambamba ni kuihamisha kwenye njia bila kuizungusha wala kubadili urefu wake. Kwenye karatasi bapa, vekta (mshale wenye urefu na mwelekeo) huhamishwa bila kugusa namba zake. Juu ya tufe, ukifanya hivyo umeshakosea, kwa sababu kusini na mashariki zenyewe zinageuka kila unaposogea. Kazi ya muunganisho, yaani kanuni ya kulinganisha vekta za mahali tofauti, ni kukuambia urekebishe kiasi gani.

Pima pembe θ kutoka ncha ya kaskazini, na φ kuelekea mashariki. Metriki, yaani kanuni ya kupima umbali juu ya tufe la nusu kipenyo R, ni R²(dθ² + sin²θ dφ²). Alama za Christoffel, yaani namba za muunganisho zinazoonyesha marekebisho hayo, zisizo sifuri ni −sinθ cosθ, na cosθ/sinθ ambayo hutokea mara mbili kwa ulinganifu. Tuseme vekta ina sehemu a upande wa θ na b upande wa φ. Ukifuata mstari wa latitudo, θ haibadiliki, na kanuni ni hizi:

da/dφ = sinθ cosθ · b
db/dφ = −(cosθ/sinθ) · a

Kabla ya kuzitatua, weka w = b sinθ. Wengi huruka hapa, kisha wanashangaa urefu wa vekta kucheza: b si urefu, ni badiliko la pembe. Sasa unabaki na da/dφ = w cosθ na dw/dφ = −a cosθ, yaani mzunguko mtupu. Ukimaliza duara zima, vekta imegeuka 360° × cosθ ukilinganisha na dira ya mahali ulipo.

Jaribu θ = 60°, yaani latitudo 30° kaskazini. Anza na vekta inayotazama kusini, uende mashariki. Robo ya njia itatazama kusini-magharibi. Ukirudi ulikoanzia, itatazama kaskazini. Kwenye ikweta cosθ ni sifuri, na vekta hairekebishwi hata kidogo, kwa kuwa ikweta ni jiodesiki, yaani njia iliyonyooka kadiri uso unavyoruhusu: vekta hushika pembe ileile na njia. Latitudo nyingine si jiodesiki, hata zikionekana zimenyooka kwenye ramani.

Kwa kompyuta, usitumie mbinu ya Euler, inayosogea kila hatua kwa kasi ya mwanzo wa hatua tu. Kila hatua yake hurefusha vekta kidogo. Katika mfano wetu, hatua 360 za digrii moja huiongezea urefu takribani asilimia 1.4. Tumia Runge-Kutta ya daraja la nne, inayopima kasi mara nne ndani ya kila hatua, na uchapishe a² + w² kila mara. Namba hiyo ikihama, usiendelee.

Urefu ukitulia, kagua pembe kwa pembetatu yenye pembe tatu za mraba: toka nchani, shuka hadi ikweta, ifuate kwa 90°, panda tena. Vekta lazima irudi imegeuka 90°, sawa (kwa radiani) na eneo lililozungukwa kugawanywa kwa R². Ila nchani kwenyewe sinθ ni sifuri na cosθ/sinθ hulipuka. Huko fanya kazi kwa x, y, z: sogea hatua ndogo, ondoa sehemu ya vekta inayochomoza nje ya uso, kisha irudishie urefu wake wa awali.