Nyasi bandia Dodoma: kazi iko chini, sio kwenye kapeti

Huku kwetu mvua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi, ukoka unaumwagilia kila jioni na bado mwezi wa tisa umekauka kama mkeka wa zamani. Ndo maana naitwa sana mitaa ya Ilazo na Kisasa kutandika nyasi bandia. Nafanya hivi.

Kwanza ardhi. Chimba sentimita 10, toa mizizi yote, mwaga moramu (ule udongo wa changarawe wa barabarani), nyunyiza maji, shindilia, mwaga tena shindilia tena mpaka ukikanyaga kwa kisigino hakuna alama. Ule udongo mweusi wa mbuga uondoe kabisa, kiangazi unapasuka, masika unavimba, na kapeti linafuata mawimbi. Vuta uzi, acha mwinamo wa sentimita 1 kila mita, maji yaende nje sio barazani.

Tandika kitambaa cha kuzuia magugu.

Kapeti ukishalikunjua lianike masaa mawili matatu lilegee, ndo ukate, tena kwa mgongoni. Sasa hapa nisikilize vizuri: manyoya, yaani vile vijani vya juu, ya vipande vyote yalale upande mmoja. Kazi yangu ya kwanza nilikigeuza kipande kimoja ili nisipoteze mabaki, mama mwenye nyumba akatoka barazani akaangalia weee, akaniuliza "Fundi, mbona huku kijani na huku kama pamechujuka?" Niling'oa, hasara ikawa yangu.

Kuunga fanya saa moja asubuhi: utepe chini, gundi, kandamiza. Ukisubiri upepo wa Agosti uamke, vumbi linakaa kwenye gundi na haishiki ng'o. Pembeni piga misumari.

Alafu mwaga mchanga mkavu uliooshwa, kilo 5 mpaka 10 kwa mita mraba, ukifagia kinyume na manyoya ili yasimame.

Ila nisikudanganye, saa saba mchana halikanyagiki peku, ukimwagia maji linapoa kidogo tu joto linarudi. Mwenye mwarobaini uani namwambia asiukate, tunakata kapeti kuzunguka shina, watoto wacheze kivulini. Na jiko la mkaa liwe mbali, cheche moja inayeyusha tundu, na kiraka chake hata mgeni anakiona toka getini.