Namna ya Kumleta Profesa Dodoma, na Akabaki

Siku nilipokabidhiwa idara ya kemia, ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, ilionyesha nafasi mbili za profesa, na zote mbili zilikuwa wazi. Wahadhiri wasaidizi tulikuwa nao, vijana hodari kabisa, lakini wa kuwasimamia kwenye shahada ya uzamivu hakuwepo. Walikuwa wanapanda basi usiku kwenda Dar es Salaam au Morogoro kumwona msimamizi kwa saa moja, kisha wanarudi kufundisha asubuhi ya kesho yake. Nilimwona mmoja wao amesinzia amesimama, kashika chaki. Niliumia sana.

Niliongoza idara ile miaka minane. Tuliwapata wasomi wanne wa ngazi ya juu, na watatu wapo mpaka leo. Wawili wengine tuliwakosa dakika za mwisho, na kosa lilikuwa letu. Haya nayaandika kwa mkuu wa idara ya sayansi aliyekabidhiwa ofisi juzi, hapa kwetu katikati ya nchi, akakuta nafasi zake nazo ziko wazi.

Ikama kwanza

Nafasi isiyoingia kwenye ikama na bajeti ya mwaka wa fedha haijazaliwa. Mwaka unaanza Julai, na mahitaji yanakusanywa miezi mingi kabla. Kaa na afisa utumishi wa chuo mapema, andika hoja yako kwa takwimu za idara yako mwenyewe: wanafunzi wangapi, kozi zipi zinafundishwa na nani, wangapi wanangoja msimamizi. Kibali kikitoka, tangazo litapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira kama ajira nyingine za umma. Hatua hizi usiziruke. Nenda nazo.

Tangazo ni la haki, kila mwenye sifa alione na aombe. Tatizo ni kwamba profesa mwenye maabara yake na wanafunzi wake haamki asubuhi kutafuta matangazo ya kazi. Lazima mtu amfuate. Mfuate wewe, mwambie nafasi inakuja, mweleze idara ilivyo, mkaribishe aombe. Kazi usimwahidi, kwa sababu si yako kuigawa, na atakayeshindana naye ana haki ileile.

Umtafute wapi

Vyuo vikuu vya Dodoma bado ni vichanga. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana vyote vilianza 2007. Hatuna kizazi cha wazee waliokulia hapahapa kama walivyo nacho wenzetu wa Dar es Salaam. Kwa hiyo lazima utoke.

Mahali pa kwanza pa kutazama ni pale ambapo wengi hawatazami: kwenye ndoa. Tangu Serikali ilipohamia Dodoma, watumishi wengi wa wizara wanakaa huku, ofisi zao zikiwa Mji wa Serikali, Mtumba, na wenza wao wamebaki Dar wakifundisha. Profesa wetu wa kwanza tulimpata hivyo. Mkewe alikuwa mtumishi wa wizara, na mume alikuwa anakuja kila mwisho wa mwezi kama mgeni nyumbani kwake. Nilipompigia simu mara ya kwanza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dokta, mke wangu ameshanichoka kwa ahadi. Hebu nieleze hiyo maabara yenu ikoje."

Wa pili ni wale wanaokaribia kustaafu. Tangu 2018, maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 65 badala ya 60. Mtu wa miaka 58 ana saba mbele yake. Miaka saba inatosha kuwakuza wanafunzi wa uzamivu wanne au watano, mradi usimjazie vikao. Aliyekwisha staafu anaweza kuja kwa mkataba, na wengi wao wanatamani kuwa na mahali pa kwenda asubuhi.

Watanzania walioko nje ni wazuri, ila nenda nao taratibu. Anza kwa kumwalika afundishe muhula mmoja, au kumsimamia kijana wako kwa pamoja. Na asiye raia atahitaji kibali cha kazi na cha ukaazi, pamoja na vyeti vyake kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Hayo yana muda wake, yaanze mapema.

Halafu wapo wa kwako. Yule mhadhiri mwandamizi uliyemzoea, uliyempa kazi ya ratiba ya mitihani miaka mitano mfululizo, ndiye profesa mshiriki ajaye kama utampa nafasi ya kuandika. Mtoe kwenye ratiba.

Mpe swali ambalo liko huku tu

Hapa naomba ukae na wenzako siku nzima, kwa sababu ndipo nguvu yetu ilipo. Kwa mshahara hatuwezi kushindana, ngazi za mishahara ya vyuo vya umma zinajulikana. Bahari hatuna. Lakini tuna mambo ambayo mwanasayansi wa kweli akiyasikia anavuta kiti.

Chukua Makutupora. Visima vya bonde lile, njia ya Arusha, ndivyo vimeunywesha mji huu tangu miaka ya 1950, na kina cha maji yake kimepimwa kwa zaidi ya nusu karne. Ni moja ya rekodi ndefu kabisa za maji ya ardhini katika nchi za joto. Watafiti waliichambua na kuchapisha matokeo 2013: maji yale hayajazwi na mvua za kila mwaka, yanajazwa zaidi na ile miaka michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ya El Niño ya 1997 na 1998. Mji umekua, wizara zimekuja, na bonde ni lilelile. Nani atayapima maji hayo miaka ishirini ijayo, chumvi yake, naitreti yake?

Chukua na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka. Mwaka 2016 watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara walikufa kwa kula mahindi yenye sumu ile. Vijiji vya Chemba na Kondoa viko mwendo wa saa chache kutoka maabara yetu. Mkemia wa chakula akifanya kazi hapa, sampuli anaichukua asubuhi na kuipima jioni. Akiwa mbali, anaisubiri kwenye kifurushi.

Andika ukurasa mmoja tu wa maswali kama hayo. Usipambe. Taja data zilizopo, nani anazo, na kijana gani wa idara yako ameshaanza. Mimi niliutuma ukurasa huo kwa watu kumi na mmoja, na kila aliyekuja alikuwa bado anao.

Sema ukweli wa maabara

Mwaka wa pili tulimkaribisha mgombea mmoja, mama wa heshima zake, tukamwonyesha mashine ya kupima madini kwenye maji. Ilikuwa inang'aa. Akaomba kuiona ikifanya kazi. Gesi ilikuwa imeisha tangu Novemba na taa yake moja ilikuwa imekufa. Hakusema neno. Alituandikia barua nzuri ya kukataa. Tangu hapo nilitengeneza orodha ya kila kifaa: kinafanya kazi, hakifanyi, kinahitaji nini, bei yake ni ngapi, gesi inatoka wapi na inafika kwa siku ngapi. Umeme ukikatika, friza linashikwa na jenereta au halishikwi? Orodha hiyo nampa mgombea kabla hajauliza. Nilidhani itawafukuza. Kinyume chake, wawili waliifanyia kazi kabla ya kufika, mmoja akapata vipuri kwa rafiki zake wa zamani.

Ziara iwe Septemba

Wengi huwaleta wageni Machi, vilima vimevaa kijani na mabwawa yamejaa. Usifanye hivyo. Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na mtu atakayeishi hapa atakaa na ukame miezi mingi zaidi. Mlete Septemba: upepo, vumbi, mibuyu mitupu. Ni wakati wa mavuno ya zabibu pia, kwa hiyo mezani pawe na sahani ya zabibu za Hombolo. Ataiona Dodoma yote.

Aje na mwenza wake. Hili ningelichora kwa wino mwekundu. Siku ya kwanza mgawane: yeye idarani, shemeji na mtu mnayemwamini atakayempeleka shule, sokoni, Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kwenye nyumba wanayoweza kupanga, Iyumbu au Ilazo. Aonje maji ya bomba. Yana chumvi, na ni afadhali ajue leo kuliko siku ya kuhamia. Aone simtanki liko wapi na linajaa mara ngapi kwa wiki. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma 2024, imetusaidia sana hapa. Mama anayewaza wazazi wake walioko Dar anajua sasa anaweza kwenda na kurudi bila kulala njiani.

Mwenza akiwa mtumishi wa umma, uliza mapema habari ya uhamisho wa kumfuata mwenza, na umsaidie kujua barua ianzie wapi. Usiseme "itawezekana". Sema unachokijua.

Jioni, usimpeleke hotelini. Alike vijana wote wa idara nyumbani kwako, na wanafunzi wa uzamili. Profesa wetu wa pili aliamkiwa "Mbukwenyi!" mlangoni na fundi sanifu wetu, Mgogo wa Bahi, wakakaa wawili hao wakizungumza habari za mashine mpaka saa nne usiku. Aliniambia baadaye alikubali moyoni pale.

Kumpima

Usihesabu machapisho. Soma matatu, mwenyewe, mpaka mwisho. Yapo majarida yanayochapa chochote kwa malipo, na orodha ndefu yaweza kujaa hayo. Kisha omba majina ya wanafunzi aliowasimamia mpaka wakahitimu na uwapigie wawili. Waulize swali moja: rasimu yako alikuwa anairudisha baada ya muda gani? Katika usaili mwombe afundishe darasa la mwaka wa kwanza, wanafunzi mia mbili na kipaza sauti kibovu. Msomi anayewaheshimu wale ataiheshimu idara.

Baada ya kukubali

Hapa ndipo tulipompoteza wa pili kati ya wale wawili tuliowakosa. Alishinda usaili, akafurahi, akawaambia watoto. Barua yake ilikaa masijala wiki tano kwa sababu kiambatisho kimoja kilikosekana na hakuna aliyempigia. Chuo kingine kikamwandikia, akaenda. Sikumlaumu. Tangu siku hiyo nilikuwa nalifuata faili kwa miguu, ofisi hadi ofisi, na kila Ijumaa nampigia mgombea kumwambia limefika wapi, hata kama halijasogea. Wiki ambayo halijasogea ndiyo anayoihitaji zaidi simu yako.

Muhula wa kwanza mpe kozi moja tu. Ofisi iwe na ufunguo, intaneti na meza kabla hajafika. Mpe wanafunzi wawili wa uzamivu ambao tayari wameshasoma kazi zake. Vikao vya kamati vingoje mwaka.

Na siku ya kufika, nenda stesheni wewe mwenyewe. Azima pikapu, teksi haitatosha: atakuja na maboksi ya vitabu, na maboksi yale ni mazito. Beba na maji ya kunywa.