Namba za kwenye skrini zilingane na za kwenye sintesaiza

Jioni nzima nilihangaika na besi iliyopinda kidogo, kumbe kosa langu: kwenye skrini ya programu ninayoendeshea sintesaiza, kisanduku cha detyuni (kupandisha au kushusha sauti kidogo sana) kilisoma 7, nami nikakirudisha 0 nikidhani ndiyo katikati. Sintesaiza ya Yamaha DX7 huhifadhi thamani hiyo kuanzia 0 hadi 14, ila kioo chake huonyesha -7 hadi +7. Saba ndiyo sifuri yenyewe!

Basi kabla ya kuchezea rangi, fungua mipangilio ya kisanduku. Weka cha chini 0, cha juu 14, halafu kwenye nyongeza ya kuonyesha andika -7. Thamani inayotumwa usiiguse. Unabadilisha sura tu. Algorithimu (namna vizalisha sauti vyake vinavyounganishwa) huhifadhiwa 0 hadi 31, kwa hiyo ongeza 1. Pani (sauti ielekee kushoto au kulia) ya kawaida ya MIDI, lugha ya vyombo vya kielektroniki kuwasiliana, toa 64.

Wimbi la LFO, yaani mtetemo wa polepole unaoyumbisha sauti, (0 hadi 5) lipe orodha ya majina; nani atakumbuka 4 ni wimbi gani? Alama ya + iwashe pia, macho yakichoka 3 na -3 hufanana.

Mwishowe zungusha kitufe cha kwenye skrini hadi kikomo, pande zote mbili, ukitazama kioo cha sintesaiza. Namba zikipishana hata kwa moja, rudi kwenye nyongeza.