Injini ya gemu ichague ukiwa umeshika simu ya mchezaji

"Dada, nianze na Unity au Godot?" Vijana wengi wa hapa Arusha wanaotaka kutengeneza gemu za simu huniuliza hivyo kuhusu injini hizo, yaani programu za kutengenezea gemu, na mimi huwarudishia swali: gemu yako ataicheza nani, na ana simu gani? Mimi namtengenezea bodaboda anayesubiri abiria pale Kilombero. Simu yake ni Tecno au Itel yenye RAM ya GB 2, imejaa video za WhatsApp, na bando lake ni la kuhesabu. Injini itakayomfikia huyo ndiyo nzuri kwangu, hata kama YouTube haisifiwi.

Kwa hiyo tazama kwanza simu yake, kisha kompyuta yako, kisha leseni.

Anayeanza huwa nampa Godot. Ni ya bure kwa leseni huria iitwayo MIT, hudaiwi hata senti gemu ikiuza. Kihariri chake, yaani sehemu unayojengea gemu, hakifiki MB 200 na kinafunguka kwenye laptop ya mtumba ya RAM GB 4. Ila jipange kwa bando: kifurushi cha kutolea gemu kwenda kwenye simu ni kizito kuliko kihariri chenyewe, na utahitaji pia JDK na Android SDK, zana za kutengenezea programu za Android. Ukifungua mradi mpya, Godot 4 itakuuliza itumie njia gani kuchora picha. Chagua Compatibility. Hiyo hutumia OpenGL, njia ya zamani ya kuchora picha, wakati ile iitwayo Mobile hutegemea Vulkan, njia mpya zaidi, na simu za bei ya chini mara nyingi huhangaika nayo. Watu wengi hupita hapo bila kusoma, gemu ikikwama wanailaumu injini.

Unity ina masomo mengi kuliko zote, unaandika kwa lugha ya C#, na kama unalenga kuajiriwa kwenye studio, itakusaidia. Google wenyewe wanatoa programu-jalizi (kiongezeo) ya kuweka matangazo kwenye gemu za Unity, wakati kwenye Godot utategemea zilizotengenezwa na jamii. Gharama ya Unity ni uzito: pamoja na sehemu ya Android ni gigabaiti kadhaa, na chini ya RAM ya GB 8 utasota. Leseni nayo isome vizuri. Mwaka 2023 wenye Unity walitangaza tozo ya kila gemu inaposakinishwa, watengenezaji wakapinga vikali, na 2024 ikafutwa.

Kama gemu yako ni ya 2D na unataka iwe nyepesi kabisa, jaribu Defold. Unaandika kwa lugha ya Lua, na gemu tupu hutoka na MB chache tu. Asiyejua kuandika msimbo aanze na GDevelop. Unreal, injini nyingine nzito, iache kwanza.

Ukibaki na mbili, zipimie kwa gemu ileile ndogo. Mimi nina ya konda wa kifodi (daladala) cha Sakina: abiria ishirini wanapanda na kushuka, mmoja anatoa noti, mchezaji anachagua chenji sahihi, sauti ya kugonga bati inasikika, hayo tu. Itengeneze kwenye injini zote mbili, uiweke kwenye simu dhaifu kuliko zote unayoweza kuazima, na usiifute WhatsApp wala kufunga chochote. Hesabu sekunde kutoka kugusa ikoni mpaka kucheza. Gusa noti haraka haraka usikie kama sauti inachelewa. Cheza robo saa, ushike mgongo wa simu kama umechemka. Kisha mwambie mtu akupigie, ongea dakika mbili, urudi kwenye gemu. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, maana bodaboda hupigiwa simu na wateja muda wote. Simu yenye RAM ndogo huiua gemu kimyakimya, na mchezaji akirudi akakuta ameanza upya, anaifuta. Ona pia kila injini inakurahisishia vipi kuhifadhi alipofikia pale tu gemu inapowekwa pembeni.

Injini iliyoshinda hapo kaa nayo mpaka umalize gemu moja nzima. Kuhamahama kila video mpya inapotoka kunakula mwaka.

Ya mwisho ni duka la programu. Akaunti ya Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Kwa iPhone ni dola 99 kila mwaka, na unahitaji Mac, kwa hiyo hiyo isubiri. Akaunti mpya ya mtu binafsi Google wanaidai wajaribu 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusu gemu itoke kwa watu wote. Anza mapema kukusanya Gmail za watu wa kijiweni utakaowaalika wajaribu, ukikaa na kila mmoja mfungue mipangilio ya simu yake pamoja, kwa sababu wengi walifunguliwa akaunti dukani siku waliponunua simu na hawaijui anwani yao.