Somo: Kumkanda mtoto mchanga nyumbani (soma lote kabla ya kuuliza)

Naandika mara moja, kila anayeuliza "naanzaje?" nimwelekeze hapa. Somo hili ni la mtoto aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi tisa na mwenye afya. Njiti, mwenye homa, mwenye manjano au vipele vyenye maji, kliniki kwanza.

1. Muda: dakika 45 hivi baada ya kunyonya, akiwa macho na ametulia. Anza na dakika 5, baadaye 10 hadi 15.

2. Mahali: chini, juu ya mkeka na khanga iliyokunjwa. Kitandani hapana, mtoto mwenye mafuta huteleza kama kambare. Zima feni.

3. Mafuta: ya nazi safi au ya alizeti, nusu kijiko cha chai. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri siku moja. Ya mzeituni na ya haradali yaache, yanadhoofisha ngozi changa. Dawa ya kuchulia yenye menthol au kafuri (karafuu maiti) ni marufuku. Inaweza kumletea shida ya kupumua au degedege. Usiyapashe jikoni, yafikiche kati ya viganja.

4. Miguu: kiganja kizima, kutoka pajani hadi unyayo. Usivute kiungo mpaka kilie "ko".

5. Tumbo. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kitovu kama hakijadondoka na kukauka, ruka hatua hii kabisa, wala usikipake mafuta. Kikishapona, weka kiganja chini kulia kwa tumbo, panda, vuka juu ya kitovu, shuka kushoto, kama mshale wa saa. Ndiyo njia ya utumbo mpana. Ukizungusha kinyume unairudisha hewa ilikotoka, na mtoto anajikunja zaidi. Kosa linatokea hivi: "kulia" ni kulia kwa mtoto, si kwako. Akilala chali miguu ikikuelekea, kulia kwake ni kushoto kwako. Ukimgeuza kichwa kikuelekee, pande zinabadilika, lakini mwendo wa saa unabaki uleule. Usikandamize chini ya mbavu za kulia, hapo pana ini. Mizunguko 6 inatosha, kisha kunja magoti taratibu yaguse tumbo, hesabu hadi 5, achia. Tumbo gumu kama ngoma, au anatapika kijani: acha, hospitali sasa hivi.

6. Kifua na mikono: kutoka katikati kwenda nje. Mgongo: pembeni mwa uti, kamwe si juu yake.

7. Kichwa: utosi upitie juu juu tu. Ukiwa umebonyea, mara nyingi ni upungufu wa maji mwilini. Haupandishwi kwa kusukuma kaakaa kwa kidole. Pua haichongwi.

Akikunja ngumi, akigeuza uso au akijipinda mgongo, kachoka. Futa viganja vikauke kabla ya kumnyanyua.

MASWALI

Mama Wawili: Wangu ana wiki 2, nitumie mafuta gani na nianzie wapi?
— Hatua ya 3 na ya 4.

Mzee wa Pwani: Sisi bibi alituning'iniza miguu juu na tuko wazima. Mnakuza mambo.
— Bibi namheshimu, shikamoo yake. Ila nyonga ya mtoto mchanga bado ni gegedu laini na shingo haijajiweza. Sijaandika popote kwamba kila anayening'inizwa huumia. Nasema hakuna faida inayolipia hatari hiyo.

Dada Mdadisi: Jana kachomwa pajani chanjo ya penta ya wiki 6. Nikande paja? Na mbona analia nikifika nyayo tu?
— Maswali mazuri, dada. Paja lile liache mpaka uvimbe na joto viishe. Kitambaa chenye maji baridi kinamtosha. Kidonda cha BCG (chanjo ya kifua kikuu) nacho hakipakwi mafuta. Kuhusu nyayo, nadhani unagusa kwa ncha za vidole, hapo unamtekenya. Tumia dole gumba lote, polepole, kutoka kisigino kwenda vidoleni. Akiendelea kulia, ruka nyayo.

Baba Mpya: Ana siku 8, chuchu zimevimba na zinatoa maziwa. Jirani kasema zikamuliwe.
— Zisiguswe! Ni homoni za mama yake, zitanywea zenyewe baada ya wiki kadhaa. Kukamua ndiko kunakoleta jipu. Upande mmoja ukiwa mwekundu na wa moto, mpeleke hospitali leo.

Dada Mdadisi: Asante. Na magamba ya kichwani?
— Paka mafuta kidogo, acha dakika 15, sugua kwa kitambaa laini, osha kwa sabuni ya mtoto. Usibandue kwa kucha.

Mama Wawili: Khanga zangu zinanuka mafuta hata nikifua!
— Mafuta yameganda kwenye uzi. Paka sabuni ya kipande kwenye khanga kavu, iache hivyo usiku mmoja, ndipo uitie maji ya moto. Na hatua ya 3 inasema nusu kijiko.