Sauti ikikwaruza, pima volti ukiwa unaongea

Wenzangu wa redio za ridhaa (tunaorusha na kupokea mawasiliano kwa kujifurahisha) mlio huku pwani, mkiambiwa hewani "sauti yako inakatikakatika", msikimbilie kulaumu maiki. Mimi nilibadilisha maiki mbili hapa Mikindani bure kabisa.

Chukua mita, pima volti nyuma ya redio yenyewe, siyo kwenye betri, na upime huku umebonyeza kitufe na unaongea. Betri iliyotulia itakuonyesha 12.6 na utadhani mambo safi. Lakini redio ya wati 100 ikirusha huvuta ampea 20 hivi, na kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1 tu kinakula volti 2. Inabaki 10.6, na redio nyingi zinataka 13.8. Hapo sauti lazima ikwaruze.

Kwangu mchawi alikuwa klipu ya betri: ukungu wa kijani, ule wa chumvi ya bahari. Nilisugua kwa msasa, nikakaza nati, nikapaka grisi juu. Kiungo cha waya wa antena nje nacho kikague. Hicho kizungushie utepe wa mpira unaojishika wenyewe, maana selotepu ya kawaida jua la Mtwara linaibandua mapema.